Sori Iliyotupwa Juu ya Mpaka

Nilifanywa mwalimu wa Kiingereza kwa sababu nilikuwa na kamusi. Hakuna aliyeuliza kama nakijua Kiingereza chenyewe. Ilikuwa miaka ile Serikali ilipotaka kila mtoto aende shule, walimu wakawa hawatoshi, basi wakatuchukua sisi tuliomaliza darasa la saba, wakatufundisha kidogo jioni na Jumamosi, wakatutangaza kuwa walimu. Walituita walimu wa UPE, na jina hilo lilitamkwa kama mtu anayetaja mbegu ya mahindi isiyoota vizuri. Siku ya kugawa masomo, mwalimu mkuu aliuliza nani ana kitabu chochote cha Kiingereza. Nikanyoosha mkono. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa mtaalamu wa lugha.

Kamusi hiyo niliachiwa na padri mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa ya Kiingereza kwa Kiingereza, nene kama tofali, na panya wa stoo ya parokia walikuwa wameshaila kuanzia jalada mpaka mwisho wa herufi C. Kwangu mimi, kwa hiyo, Kiingereza kilianzia D. Mtoto akiniuliza neno la A, B au C nilimwambia tutalisoma mwakani, na mwakani akiwa darasa jingine lilikuwa tatizo la mwalimu mwingine.

Kilichonifanya niipende ni maandishi madogo yaliyofuata kila neno. Yalieleza neno lile limetoka wapi, lilizaliwa na neno gani, na ndugu zake ni akina nani. Sisi watu wa Karagwe hatuwezi kumaliza kusalimiana na mtu bila kumuuliza ukoo wake, tena tunauliza kwa heshima, huku tukiwa tumeshaamua kumdharau akijibu vibaya. Sikujua kwamba Waingereza nao wanaulizana hivyo, ila wanawauliza maneno. Nilikaa na kamusi ile jikoni nikisubiri ndizi ziive, nikawa najua koo za maneno ambayo sikuweza hata kuyatamka.

Neno sori nililijua kabla ya kamusi, kama kila mtu. Siku hizi limejaa kila mahali. Nimeishi hadi miaka ya tisini nikamwona kijana wa baiskeli akimwangusha bibi na kikapu chake sokoni, akasema sori bila kushusha mguu kwenye pedali. Nimemsikia karani akimwambia mkulima sori kwa kahawa yake iliyolowa mvua chini ya paa ambalo karani mwenyewe alitakiwa kuliziba. Lakini miaka ninayoisimulia, vita ya Amini ikiwa imeisha juzijuzi, neno hilo lilikuwa bado la wasomi na askari waliorudi. Nyumbani kwetu halikuwahi kuingia. Lililetwa na ng'ombe.

Niliolewa Bweranyange, kwenye boma la baba mkwe wangu, mzee mjane mwenye kibanja kizuri cha migomba kuliko vyote upande ule, na aliyekuwa tayari kukuambia hivyo hata kama hukuuliza. Kibanja chake kiliishia pale rweya inapoanzia, yaani mbuga ya majani isiyo na migomba wala nyumba. Huko kwenye rweya kulikuwa na familia ya wafugaji waliovuka kutoka Rwanda miaka michache kabla mimi sijaolewa. Walikuwa Wakristo kama sisi, tukisali kanisa moja. Baba mkwe wangu aliwaita wageni, na nadhani aliwapangia kuwa wageni mpaka siku ya hukumu.

Hata hivyo tuliishi nao vizuri, kwa sababu wao walikuwa na maziwa na sisi tulikuwa na ndizi. Kila asubuhi waliweka mpakani chombo chao cha mti cha maziwa, wanachokiita kyanzi, kimejaa mpaka shingoni. Sisi tuliweka mkungu wa ndizi unapokomaa, au viazi. Hakuna aliyepima wala kuandika. Mimi ndiye niliyekuwa nikikifuata chombo kile, na nilikifuata mbio, kwa sababu nilikuwa na mtoto mchanga asiye na maziwa.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa wakati wa masika. Alipokuwa na miezi miwili niliugua homa iliyonilaza mpaka wakaniletea katekista aje kunisalia. Niliamka, lakini maziwa yangu hayakuamka. Walinipa uji, walinipa majani ya kila aina, shangazi mmoja akanikanda mgongo mpaka nikaomba homa irudi. Hakikutoka kitu. Dukani baada ya vita kulikuwa na rafu na mwenye duka tu. Maziwa ya kopo tuliyasikia kama tunavyosikia habari za mbinguni. Basi mwanangu alikuwa hai kwa maziwa ya ng'ombe wa wale wageni, yakiwa yamechemshwa na kuchanganywa na maji, na hapakuwa na kitu kingine cha kumweka hai.

Mtoto mkubwa wa wafugaji alikuwa akisoma sekondari. Likizo ilipofika alipewa ng'ombe achunge, akachunga kisomi: alikaa juu ya kichuguu akisoma kitabu, ng'ombe nao wakasoma mazingira. Waliingia kwenye kibanja cha baba mkwe. Walikula maharage yote yaliyopandwa katikati ya migomba, wakakanyaga machipukizi, wakavuta majani ya migomba ile mikubwa mpaka mingine ikainama. Baba mkwe alipotoka na fimbo, kijana alikuwa ameshawarudisha ng'ombe upande wa pili. Alisimama mpakani, akavua kofia, akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Sori, mzee." Halafu akageuka akaenda na ng'ombe wake.

Kwa haki, alivua kofia. Nimejaribu kulisema hilo maisha yangu yote na hakuna anayejali.

Baba mkwe aliniita. Nilikuja nikapiga magoti mbali kidogo, kama inavyompasa mke wa mwana akiitwa na Tata, yaani baba wa boma.

"Mwalimu," aliniambia. Aliniita mwalimu siku alizokasirika. "Yule kijana amesema nini?"

"Amesema sori, Tata."

"Nimemsikia. Masikio ninayo. Nauliza amesema nini."

"Anaomba msamaha, Tata."

"Msamaha!" Alitazama pale mpakani kama vile msamaha wenyewe ungekuwa umeangukia kwenye majani. "Msamaha unaombwa na mtu aliyesimama? Alikuja na nani? Nani alimtangulia kuleta maneno? Pombe iko wapi?"

Yafaa nieleze, kwa wale wanaodhani kuomba msamaha ni jambo la mdomo. Kwetu ukimkosea mtu humwendei peke yako. Unamtafuta mtu mzima anayeheshimika, anakwenda mbele yako. Mnafika na kibuyu cha pombe ya ndizi. Hamkai mpaka mkaribishwe, na mkishakaa hamlitaji kosa. Mnazungumzia mvua, mnazungumzia kahawa, mnamuulizia kila mtu wa boma hadi mbuzi. Kisha yule mliyemtanguliza ndiye anayesema, na ninyi mnatazama chini. Mwenye kukosewa akiridhika, anatoa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, mnachukua pamoja, mnatafuna, yamekwisha. Ni kazi ya siku nzima. Mtu aliyezoea hayo ukimtupia neno moja juu ya mpaka na kuondoka, anaona umemtukana mara ya pili.

"Lete kile kitabu chako," akasema.

Nikakileta. S ilikuwa salama, panya hawakuifikia. Nikamsomea nikimtafsiria, na nilijitahidi. Nilimwambia kwamba Mwingereza hulisema neno hilo akiwa amekosa. Hulisema pia akiwa hakukosa, ila amesikia umefiwa. Hulisema asipokusikia vizuri na anataka urudie. Tena hulitumia kwa kitu duni kilichochakaa, nyumba mbovu au mtu aliyechoka hali. Baba mkwe alisikiliza yote hayo kwa uvumilivu niliojua hautadumu.

"Kwa hiyo amenipa pole, au ameomba radhi, au hakunisikia, au ameniita mtu duni?"

"Kuomba radhi, Tata."

"Umejuaje?"

Hapo alinishika. Kiswahili kina pole ya kumpa mwenye shida, na samahani ya kuomba ukiwa umekosa, na hakuna mtu mzima anayezichanganya. Waingereza wameyatia yote chungu kimoja. Mtu akikuambia sori huwezi kujua kama amekuja kujishtaki au amekuja msibani. Ni neno zuri sana kwa mtu anayetaka kuonekana amesema kitu.

Nikafikiri ukoo wa neno utamtuliza, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa koo. Nikamsomea yale maandishi madogo. Yalisema neno hilo ni la kale sana, limezaliwa na neno lenye maana ya maumivu, lile lile lililozaa neno lao la kidonda. Hapo mwanzo mtu aliyelisema alikuwa anasema anaumwa, moyo wake una jeraha. Kuna neno jingine la Kiingereza la huzuni linalofanana nalo sana, ila kamusi ilisema si ndugu, wamekaa jirani mpaka sura zikafanana. Mimi niliona ni jambo la ajabu na la kupendeza.

Baba mkwe aliniangalia. "Anaumwa yeye?"

"Ndivyo lilivyoanza, Tata."

"Ng'ombe wake wameshiba maharage yangu, halafu anayeumwa ni yeye!" Akasimama. "Maziwa ya watu wale hayaingii hapa mpaka waje kama watu."

Hivyo ndivyo elimu yangu ilivyosaidia familia.

Kesho yake asubuhi kyanzi kilikuwa mpakani kama kawaida. Hapana, si kama kawaida. Kilijazwa mpaka mdomoni, maziwa yakimwagika pembeni, na kilifunikwa vizuri kwa kifuniko kipya cha ukili. Baba mkwe alikitazama akasema, "Unaona? Wanaendelea na biashara kama hakuna kilichotokea." Akaamuru kirudishwe hivyo hivyo. Mume wangu alikuwa mtu mwema aliyekubaliana na kila mtu. Alikubaliana na baba yake kwamba kirudishwe, akakubaliana na mimi kwamba mtoto atakufa njaa, kisha akakibeba akakirudisha. Siku ya pili kilikuja tena kimejaa vile vile, akakirudisha tena. Baada ya hapo hakikuja kitu.

Jumapili tulikutana kanisani. Wao walikaa benchi la upande wa dirisha, sisi upande wa mlango, na sote tukaimba kwa sauti nzuri. Tulipofika kwenye "utusamehe makosa yetu kama nasi tunavyowasamehe," baba mkwe aliitamka sehemu yake kwa nguvu kiasi kwamba katekista aligeuka kutazama. Mfugaji naye alijibu amina iliyosikika mpaka nje. Nafikiri Mungu mwenyewe aliona bora awaache.

Mwanangu alianza kupungua. Nilimpa uji mwepesi wa mtama, akautapika. Nilimpa maji ya ndizi mbivu, akaharisha. Alikuwa analia, halafu akawa halii sana, na hilo la pili liliniogopesha kuliko la kwanza. Wanawake walikuja kumtazama, wakaniambia pole, wakashika kidevu, wakarudi kwao kupika. Niliwachukia wote. Niliwachukia wafugaji kwa jeuri yao, nikamchukia baba mkwe kwa heshima yake, na kamusi ile niliitupa nyuma ya mitungi, panya wamalizie kazi.

Wala msidhani mzee hakumpenda mjukuu wake. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Kila asubuhi alisimama nje ya mlango wangu akauliza, "Mjukuu wangu ameamkaje?" Nikijibu hali si nzuri alikwenda kukaa kwenye kigoda chake akitazama upande wa rweya. Alikuwa amekwisha kuandaa kahawa ya kutafuna, akaiweka kwenye kile kikapu kidogo cha wageni, tayari. Alifagia uwanja kwa mkono wake. Alikuwa akiwasubiri waje ili awasamehe, na alikuwa na hamu ya kusamehe kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Kilichokosekana ni wao kuja.

Asubuhi moja mtoto hakufungua macho nilipomwita. Alipumua, akakunja uso kidogo, akabaki hivyo. Sikwenda shule. Nilimfunga mgongoni, nikapita migombani, nikavuka mpaka. Mke wa mwana wa aliyekosewa, anakwenda kwa aliyekosa, peke yake, hakutumwa na mtu, mikono mitupu. Kama kuna kosa nililoliacha siku ile, ni kwa kutolijua.

Mama wa boma lile alikuwa ameketi mlangoni akisukasuka kibuyu cha kutengenezea siagi, mtoto wake mchanga amelala pembeni kwenye ngozi. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi na kitu. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba. Nilipofika nikaona pole si yangu kuisema, samahani si yangu kuisema, na ile ya Kiingereza tulishaona faida yake.

"Mtoto wangu ana njaa," nikasema.

Hakuacha kusukasuka. "Tulileta maziwa. Mkayarudisha yamejaa."

"Mzee alisema mnaendelea na biashara."

"Biashara?" Sasa aliacha. "Mwalimu, sisi tukimkosea mtu tunampelekea maziwa yanayomwagika. Hatusemi neno, tutasema nini? Akiyanywa, amekubali. Akiyarudisha yamejaa, anatuambia ng'ombe wetu wafe. Mzee wako alituambia hivyo mara mbili. Mume wangu hajala vizuri tangu siku ile."

"Sisi tulikuwa tunawangojea na pombe."

"Pombe tuitoe wapi? Tuna migomba sisi?"

Nikacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, kilikuwa kile cha mtu aliyeteguka mguu na kujiona alivyoanguka. Mzee wangu alikuwa kule amefagia uwanja akisubiri kuombwa radhi, na radhi yenyewe aliirudisha kwao imejaa, imefunikwa kwa ukili mpya, kwa mkono wa mwanawe. Nikamweleza. Naye akaanza kucheka, mkono mdomoni. Halafu mtoto mgongoni mwangu akatoa sauti ndogo, akanyamaza.

"Mlete," alisema.

Nikafikiri atanipa maziwa ya kibuyu. Alimchukua, akamtazama usoni, akalegeza kanga yake, akamweka kwenye titi. Mwanzoni mtoto hakuweza hata kushika. Akamkamulia mdomoni, tone, tone jingine, akimsemesha kwa lugha yao kwa sauti ya chini. Kisha mwanangu akashika. Alinyonya kwa nguvu ambayo sikujua kama bado alikuwa nayo, kamkono kake kamekunjwa juu ya kifua cha mwanamke yule. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Na nikaona wivu. Nasema ukweli: nilimwonea wivu kama ambavyo sijamwonea mtu, na nilimshukuru, na sikujua niyatenge vipi.

Nilirudi jua likiwa juu. Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda. Nikapiga magoti, "Shikamoo, Tata," naye akarukia swali.

"Mtoto amekula?"

"Amenyonya, Tata."

Alijua kama nijuavyo mimi kwamba sikuwa na kitu kifuani. "Kwa nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya maziwa yanayomwagika, yote, bila kupunguza, na kwa sauti ambayo mke wa mwana hatakiwi kuitumia. Nikangoja anifukuze nirudi kwetu. Mume wangu, aliyekuwa akinoa jembe karibu, alikubaliana na ardhi.

Mzee aliangalia upande wa rweya, akamwangalia mtoto aliyelala mgongoni kwangu na maziwa yamekaukia shavuni. Nilijua anafikiri nini, kwa sababu ni jambo ambalo kwetu halina mjadala: aliyemnyonyesha mtoto ni mama yake, na watoto waliochangia titi ni ndugu, hawataoana wala kufikishana barazani. Nani anamdai pombe mama wa mjukuu wake?

Akainuka, akachukua panga, akaingia migombani. Hakwenda kwenye ile ya mpakani tuliyozoea kuwapa wafugaji. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mgomba aliouhifadhi kwa wageni wakubwa, akaukata, akabeba mkungu mwenyewe begani, akaja akautua mbele yangu. Alikuwa anahema. Hakunitazama.

"Mpelekee mama yake," akasema.

Nilikuwa nimepiga magoti pale pale mbele yake, na mwanangu nilikuwa nimembeba. Nilingoja kidogo, labda angeongeza neno la kunitaja na mimi. Alikuwa ameshakwenda kuketi. Basi nikajitwisha ule mkungu, nikaelekea kwa mama wa mwanangu, huku nalia njia nzima na kuufuta uso kwa mkono mmoja ili kule wasione machozi.